Paka wa ghalani asitibiwe kwa dawa ya ng'ombe

Mavuno yanapoingia ghalani, mkulima huanza vita nyingine. Jua na mvua si tatizo tena. Adui sasa ni dumuzi, unyevu na panya. Kwa dumuzi ipo dawa ya unga na ipo mifuko isiyopitisha hewa. Kwa unyevu dawa yake ni kuanika vizuri. Kwa panya, kaya nyingi vijijini na wenye maduka ya nafaka mijini bado wanamtegemea paka.

Ni jambo la kusikitisha basi kwamba mlinzi huyu, anapougua ngozi, hutibiwa kwa chochote kilichopo nyumbani. Akijikuna, humwagiwa mabaki ya dawa ya kuogeshea ng'ombe. Akinyonyoka manyoya, hupakwa oili chafu ya gari au dawa ya upele ya watu. Akiwa na kidonda, hudungwa sindano iliyobaki baada ya kumtibu mbuzi. Siku chache baadaye ngozi inakuwa nyekundu, inatoa malengelenge au inachubuka, na mwenyewe anasema ugonjwa umezidi. Kumbe mara nyingi kilichozidi ni dawa.

Wapo watakaouliza kwa nini ukurasa wa biashara na kilimo ushughulike na ngozi ya paka. Jibu letu ni hesabu. Tuchukue ghala moja lenye panya 20, kila mmoja akila gramu 15 za nafaka kwa siku. Hizo ni gramu 300 kila siku. Kwa miezi minane ya kuhifadhi, yaani siku 240, ni kilo 72. Mkulima azidishe kilo hizo kwa bei ya mahindi katika soko lake, kisha aongeze nafaka iliyochafuliwa kwa mkojo na kinyesi, na mifuko iliyotobolewa. Mfuko usiopitisha hewa ukishatobolewa na panya, kinga yake dhidi ya dumuzi nayo imekwisha.

Tena panya hawabaki 20. Panya shamba, ambaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mjini Morogoro wamemchunguza kwa miaka mingi, huzaa kwa wastani watoto zaidi ya kumi kwa uzazi mmoja. Paka peke yake hawezi kuwamaliza, na hatusemi kwamba anatosha bila ghala lenye kinga ya panya na usafi wa kuzunguka nyumba. Lakini paka mzuri anapokufa, mkulima hukimbilia sumu ya panya, na sumu hiyo ina gharama yake: kuku huila, mbwa hula panya waliokwisha kuila, na watoto huiokota.

Hoja kwamba paka ni wa bure, akifa huyu tutapata mwingine, haina uzito. Paka mchanga huhitaji miezi kadhaa kabla ya kuwa mwindaji, na wengi hujifunza kuwinda kwa mama zao. Miezi hiyo ndiyo ambayo ghala limejaa.

Sasa tueleze kinachotokea, kwa sababu wengi hudhani dawa iliyomfaa ng'ombe wa kilo 300 haiwezi kumdhuru paka mradi tu kipimo kipunguzwe. Dhana hiyo si sahihi. Paka si ng'ombe mdogo, wala si mbwa mdogo.

Sababu ya kwanza iko katika ini lake. Wanyama wengi wana kimeng'enya ndani ya ini kinachofunga kemikali ngeni ili itolewe mwilini kwa mkojo au nyongo. Kwa paka, mnyama ambaye vizazi vyake vyote vimeishi kwa nyama, njia hiyo ni dhaifu sana kwa kemikali nyingi. Dawa ambayo mbwa huimaliza kwa saa chache inaweza kukaa ndani ya paka kwa siku kadhaa, na kila kipimo kinachoongezwa kinarundikana juu ya kile cha jana.

Sababu ya pili ni tabia yake ya kujilamba. Paka hutumia muda mrefu kila siku kusafisha manyoya kwa ulimi. Kwa hiyo dawa yoyote anayopakwa kwenye ngozi ni dawa atakayoinywa. Ng'ombe aliyenyunyiziwa dawa ya kupe hukauka juani na kwenda malishoni; paka aliyemwagiwa dawa hiyo hukaa pembeni na kuilamba yote, tone kwa tone.

Sababu ya tatu ni ngozi yenyewe, ambayo ni nyembamba. Dawa kali iliyochanganywa kwa ajili ya ngozi nene ya ng'ombe huiunguza.

Dawa zinazoleta maafa zaidi ni zile za kupe na viroboto ambazo majina yake kwenye lebo huishia na herufi "thrin". Pemethrini ndiyo mbaya kuliko zote kwa paka: huanza kutetemeka masikio na ngozi, kisha mwili mzima, kisha degedege, na asipohudumiwa anaweza kufa. Dawa za matone za viroboto vya mbwa zenye pemethrini kwa wingi ni hatari vilevile. Amitrazi, inayotumika sana kuogeshea ng'ombe, nayo haifai kwa paka. Humlegeza, humpunguzia mapigo ya moyo na kumshusha joto la mwili. Dawa za jamii ya oganofosfeti humtoa mate na machozi, humharisha na kumkaba pumzi.

Dawa za watu hazina nafuu. Dawa nyeupe ya upele yenye benzili benzoeti, iliyopo katika nyumba nyingi, ni sumu kwa paka. Dawa za kuua vijidudu zinazogeuka rangi ya maziwa zikitiwa maji, ambazo nyingi ni za jamii ya fenoli, humuunguza ngozi na ulimi. Kidonge kimoja cha parasetamoli kinaweza kumuua: fizi hugeuka rangi ya kahawia au buluu, uso na nyayo huvimba, na pumzi humwia nzito. Wapo waliouona uvimbe huo wakadhani ni mzio tu wa kupita, wakasubiri, wakampoteza.

Hayo ni madhara ya sumu. Yako pia madhara ya aina nyingine, ambayo ni mzio, au aleji kama wengi wanavyoiita. Hapa dawa inaweza kuwa sahihi na kipimo kikawa sahihi, lakini mwili wa paka huyo mmoja ukaikataa. Dawa zinazojulikana zaidi kwa jambo hili ni za jamii ya penisilini na za salfa, ingawa karibu dawa yoyote inaweza kulileta. Hata matone ya masikio yenye neomaisini yanaweza kuyafanya masikio yawe mekundu na kuwasha kuliko yalivyokuwa kabla ya matibabu.

Mzio una tabia moja inayowapoteza wengi. Mara nyingi hautokei siku ya kwanza. Mwili unahitaji muda kuitambua dawa, hivyo upele, mwasho wa uso na shingo, uvimbe au vidonda vinaweza kujitokeza wiki moja hadi tatu baada ya kuanza matibabu. Lakini paka aliyewahi kuipata dawa hiyo zamani anaweza kuvimba ndani ya saa chache. Kwa hiyo mtu anayesema, "hii niliwahi kumpa na hakudhurika," hajathibitisha kwamba dawa hiyo ni salama leo.

Mfugaji atajuaje basi kama ni dawa au ni ugonjwa? Bila daktari si rahisi kuwa na hakika, lakini kuna dalili za kuangalia. Viroboto humfanya paka anyonyoke zaidi mgongoni karibu na mkia, na ukimchana juu ya karatasi nyeupe iliyolowa utaona vichembe vyeusi vinavyoacha rangi nyekundu. Upele unaoletwa na wadudu wadogo wa ngozi huanzia kwenye ncha za masikio, ukaja usoni na baadaye miguuni, ngozi ikawa nene yenye magamba. Choa huacha mabaka ya mviringo yasiyo na manyoya, na huambukiza watu, hasa watoto. Madhara ya dawa hayana umbo moja. Alama yake kubwa ni wakati: yameanza baada ya dawa. Na kama dawa ilipakwa au kudungwa mahali fulani, mara nyingi hapo ndipo ngozi inapoanza kuharibika.

Swali la kwanza kwa paka yeyote aliyebadilika ngozi liwe hili: katika wiki tatu zilizopita amepewa nini? Dawa ya ng'ombe ihesabiwe, sindano ihesabiwe, na dawa iliyonyunyiziwa bandani ihesabiwe pia.

Kama dawa imemwagwa juu ya ngozi na paka anajikuna, anatoa mate au anatetemeka, asisubiriwe hadi kesho. Aoshwe mara moja kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini ya kuoshea vyombo, asuuzwe vizuri, akaushwe na kufunikwa kwa taulo au kanga ili asijilambe na asipate baridi. Asinyweshwe maziwa wala mafuta, na asilazimishwe kutapika. Apelekwe kwa daktari au ofisa mifugo pamoja na chupa ya dawa yenyewe, kwa sababu tiba hutegemea kujua ni kemikali gani. Hakuna dawa ya nyumbani ya kuzuia degedege la pemethrini.

Kama ni dawa ya kudungwa au ya kumeza, hatua ya kwanza ni kuiacha na kumwarifu aliyeitoa. Mzio mwepesi hupungua wenyewe dawa ikishaachwa, ingawa unaweza kuchukua siku kadhaa hata wiki. Malengelenge, ngozi inayochubuka yenyewe, vidonda mdomoni, homa au kukataa chakula ni dalili za hatari zinazohitaji daktari siku hiyohiyo. Jina la dawa liandikwe na kuhifadhiwa, na paka huyo asipewe tena maishani. Kumpa tena ili kujaribu ni kucheza na uhai wake.

Tungependa tusieleweke vibaya. Hatusemi paka wasitibiwe, wala wasichanjwe. Chanjo ya kichaa cha mbwa inahitajika kwa paka kama inavyohitajika kwa mbwa, na uvimbe mdogo mahali pa sindano unaoisha wenyewe si sababu ya kuikataa. Hoja yetu ni kwamba dawa iwe ya mnyama husika, kwa kipimo chake.

Kipimo chenyewe ni mtihani, na mfano wa ivemektini unatosha. Sindano ya ng'ombe ya asilimia moja hutolewa kwa mililita 1 kwa kila kilo 50 za uzito. Kwa hesabu hiyohiyo, paka wa kilo 3 angestahili mililita 0.06, yaani chini ya sehemu ya kumi ya mililita moja. Bomba la sindano la mililita 5 au 10 lililopo katika nyumba nyingi za wafugaji haliwezi kupima kiasi hicho. Mtu anayesema "nimempa kidogo tu, nusu mililita," amempa zaidi ya mara nane. Matokeo yake ni paka anayeyumba, anayepoteza uwezo wa kuona, na pengine asiyeamka. Dawa hiyo wako madaktari wanaoitumia kwa paka, lakini kwa mahesabu yao na vifaa vyao. Si kazi ya kukadiria kwa macho.

Sasa tuje kwenye soko, maana chanzo kikubwa cha tatizo hili kiko dukani. Mfugaji mwenye ng'ombe wawili hana haja ya lita nzima ya dawa ya kuogeshea, na pengine hana fedha zake. Muuzaji naye anajua hilo, hivyo hufungua chupa kubwa na kuipima kwa vichupa vya maji ya kunywa au vya dawa ya kikohozi. Biashara inakwenda na mteja anarudi nyumbani ameridhika. Lakini lebo imebaki dukani. Jina la dawa, wanyama wanaoruhusiwa, kiwango cha kuchanganya, onyo na tarehe ya mwisho wa matumizi vyote vimebaki dukani. Kilichofika nyumbani ni kimiminika kisicho na jina, na wiki mbili baadaye mtu mwingine wa nyumba hiyo anakimwaga juu ya paka.

Hatuwalaumu wauzaji peke yao. Vifungashio vikubwa vimetengenezwa kwa kuwafikiria wafugaji wakubwa, na dawa salama za paka ni adimu kwa kuwa hakuna anayeziulizia. Hilo ni soko lililokosa taarifa pande zote mbili: mnunuzi hajui kwamba dawa zinatofautiana, na muuzaji haoni faida ya kumweleza. Katika soko la namna hiyo dawa rahisi hushinda, na hasara huonekana baadaye, ghalani.

Nchi nyingine zimelipitia jambo hili. Mwaka 2010 Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani lilitangaza kwamba lingetaka lebo zilizo wazi zaidi kwa dawa za matone za viroboto, baada ya ripoti za madhara kuongezeka mwaka 2008. Madhara hayo yalianzia mwasho wa ngozi hadi degedege na vifo, na moja ya mambo yaliyobainika ni watu kuwapaka paka dawa za mbwa. Ikiwa hayo yalitokea mahali ambapo kila chupa ina lebo, itakuwaje mahali ambapo chupa haina lebo kabisa?

Kwetu Tanzania msingi wa sheria upo. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 inasimamia wanaotoa huduma hizi. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama, na paka ni mnyama. Udhibiti wa ubora wa dawa za mifugo uko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, iliyochukua nafasi ya TFDA mwaka 2019. Kinachohitajika ni hatua chache ambazo hazihitaji bajeti kubwa.

Kwanza, tunatoa wito kwa wenye maduka ya pembejeo na dawa za mifugo kuuliza swali moja kabla ya kupokea fedha: "Ni ya mnyama gani?" Mteja akijibu ni ya paka, asiuziwe dawa ya josho hata akiisisitiza. Muuzaji anayeuliza swali hilo hapotezi mteja. Anamjengea imani, na imani ndiyo inayomrudisha mteja dukani.

Pili, kugawa dawa kwenye vichupa visivyo na jina kukomeshwe. Watengenezaji na waagizaji watoe vifungashio vidogo vyenye lebo ya Kiswahili, na onyo la paka liwe kwa picha ili hata asiyejua kusoma alione. Wakiona haiwalipi, wakumbuke idadi ya wafugaji wadogo wanaonunua dawa kidogo kidogo kila wiki. Hilo ni soko kubwa linalosubiri chupa ndogo.

Tatu, maofisa mifugo wa kata waliingize jambo hili katika mafunzo yao kwa wafugaji. Mara nyingi huulizwa kuhusu ng'ombe, mbuzi na kuku tu, kwa hiyo walizungumze wenyewe bila kusubiri kuulizwa. Na wanapokutana na mnyama aliyedhurika kwa dawa, taarifa iandikwe na kupelekwa juu. Dawa ambayo madhara yake hayaandikwi itaendelea kuuzwa kama dawa isiyo na madhara.

Nne, mkulima mwenyewe anayo nafasi yake. Tatizo la viroboto linaweza kupunguzwa sana bila kemikali: matandiko ya paka yafuliwe na kuanikwa juani, sakafu ifagiwe hadi pembeni, na paka achanwe kwa kitana chenye meno ya karibu, kwa sababu sehemu kubwa ya viroboto, yaani mayai na funza wake, iko sakafuni na wala si mwilini. Dawa za ng'ombe zifungiwe mbali, na zana za kunyunyizia zisiachwe mahali paka anapolala. Panapohitajika dawa, ombi dukani liwe dawa iliyoandikwa kwamba ni ya paka; isipokuwapo, ni heri kusubiri ushauri kuliko kubahatisha.

Elimu hii haitaishia kwa paka. Mfugaji aliyezoea kuuliza "dawa hii ni ya mnyama gani, na kwa kipimo gani" atauliza hivyohivyo kwa ajili ya kuku wake, mbuzi wake, na maziwa anayowauzia majirani. Duka lililozoea kumjibu litakuwa duka bora kwa kila kitu. Tuanze na huyu anayelinda gunia usiku wakati sisi tumelala, kwa kuwa akiumia yeye, panya ndio watakaofaidi.